Hela Alizonipa Masunga Kalavatini

Nimesema uongo mwingi maishani, na uongo mmoja ndio ulioanzisha haya ninayotaka kukusimulia, kwa hiyo sitakulaumu ukisita kuniamini. Lakini yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa mzima, sijanywa wala sina homa. Watu wakisimulia habari za wafu huanza na usiku wa manane. Langu lilikuwa saa saba mchana, jua la Julai likiwa utosini, kwenye barabara ya vumbi itokayo Dutwa kwenda Bariadi.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Zamani pamba yote ilinunuliwa na ushirika. Sasa wakaja matajiri binafsi na malori yao na mizani zao, kila mmoja akidai bei yake ni nzuri kuliko ya jirani. Mimi niliacha shule darasa la tano kule kwetu Mwamanyili, si kwa kukosa akili, ila miguu yangu haikutulia. Nikisikia mahali kuna jambo jipya lazima nikalione. Nilikuwa nimebeba samaki Lamadi, nimepanda mpunga wa watu, nimeuza mitumba. Mwaka ule nikasikia Dutwa wanatafuta vijana wa kushindilia pamba, nikaenda.

Kazi yenyewe ni hivi. Unaingia ndani ya gunia refu lililoning'inizwa, wenzako wanakumwagia pamba kichwani, nawe unakanyaga. Unakanyaga mpaka inakuinua, kichwa kinatokeza juu, ndipo unatoka unaingia jingine. Jioni unakohoa manyoya meupe.

Kuna jambo moja lazima ulijue kwanza. Miaka ile kulikuwa na kodi ya kichwa. Mgambo walisimamisha vijana njiani, na asiye na stakabadhi alifungwa kamba akapelekwa kulala ofisi ya kata. Mimi sikuwahi kuilipa. Basi nilijizoeza kwamba mtu nisiyemjua akiniuliza mimi ni wa nani, sisemi jina la baba yangu. Nasema jina lolote nililolisikia siku ile. Na kwetu Usukumani swali hilo halikwepeki. Kijana akimwamkia mkubwa, mkubwa anamuuliza, "Ng'wa nani?" yaani wewe ni mtoto wa nani, wa kwa nani. Ukishajibu ndipo salamu inakamilika. Ni heshima. Mimi heshima hiyo niliigeuza kichaka cha kujifichia.

Siku hiyo asubuhi niliikanyaga pamba ya mkulima mmoja mbishi aliyekuwa akigombana na mpimaji. "Mimi ni Luhende wa mtoni," alikuwa akisema, "mwulize yeyote, mimi siweki mchanga kwenye pamba." Alilirudia mara nyingi, jina likanikaa.

Saa nne akaja mtu na baiskeli kuniita. Dada yangu Kabula, aliyeolewa karibu na Bariadi, alikuwa hospitalini siku ya pili, mtoto hatoki. Daktari amesema lazima apasuliwe. Huduma za bure zilikuwa zimekwisha, na shemeji alikuwa ameandikiwa karatasi ya vitu vya kununua, dripu, nyuzi, glavu, dawa ya usingizi, na hela aliyokuwa nayo haikutosha hata nusu ya karatasi. Kabula ndiye aliyenilea mama alipokuwa akiugua. Sina ndugu mwingine.

Nikamfuata tajiri. Nikamwomba mshahara wangu wa wiki tatu.

"Gari la hela halijafika kutoka Mwanza," akasema.

"Hata nusu, tajiri. Dada yangu anakufa."

"Kila siku ya kulipa mna dada anakufa. Nikulipe pamba? Haya, beba gunia uende nalo hospitali."

Wenzangu wakacheka, maana alikuwa anatulipa yeye. Nikatoka. Nilisubiri lori, halikuja. Nikaanza kutembea mikono mitupu. Sikujua nikifika nitafanya nini. Nadhani nilikuwa nakwenda kumtazama akifa, ili asife akiwa anatazamwa na wageni.

Basi nikafika kwenye kalavati moja, mahali ambapo korongo la mbuga linapita chini ya barabara. Korongo lilikuwa kavu, udongo umepasuka mapande mapande kama vigae. Juu ya ukingo wa zege aliketi mwanamume wa makamo, shati la kaki, suruali imekunjwa. Baiskeli yake ililala chini. Jambo la kwanza nililoliona ni miguu yake. Ilikuwa na tope bichi mpaka magotini, tope jeusi linalong'aa. Mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa tano. Nikajiuliza, huyu amelitoa wapi tope hili?

Nikamwamkia. "Mwadila, baba."

Alichelewa kuitika, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya shamba. "Mwadila. Ng'wa nani?"

Ulimi wangu ukafanya kazi yake ya siku zote. "Wa kwa Luhende, wa kule mtoni."

Akainua kichwa. Sijapata kuona uso wa mtu ukifunguka namna ile.

"Umekua haraka," akasema. "Juzi tu nimekuacha unachunga ndama."

Sikumsahihisha. Ningesema nini? Akaingiza mkono katika pindo la suruali akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi, akanishikisha. Ulikuwa baridi na umelowa, na ndani yake niliona noti, nyingi.

"Mtoto wa kaka yangu ni mwanangu," akasema. "Mpelekee mama yako mdogo, mama Limi. Mwambie Masunga alicheleweshewa malipo, halafu wakati wa kurudi maji yakanikuta hapa. Mwambie hivyo hivyo."

Udadisi huu wangu, hata siku hiyo haukuniacha. Nikauliza, "Maji gani, baba?"

Akanitazama kama unavyomtazama mtu anayekuuliza jua liko wapi. "Haya hapa," akasema, akaonyesha korongo kavu.

Niliaga nikaondoka. Hatua kama thelathini hivi nikageuka. Hapakuwa na mtu wala baiskeli, na mbuga ile ni tambarare, hata mbuzi hapati pa kujificha. Nilirudi. Ndiyo, nilirudi, mwingine angekimbia. Pale alipokuwa ameweka miguu palikuwa na alama mbili za maji juu ya zege, nazo zikakauka nikizitazama. Hapo ndipo nilipokimbia. Mfuko nilikuwa nimeukumbatia.

Sasa nieleze mwenyewe, ungefanya nini? Mkononi nilikuwa na uhai wa Kabula, na ulikuwa wa mtu mwingine. Nikajiambia labda hela zitageuka majani. Nikaufungua mfuko. Hazikugeuka. Zilikuwa noti halali, zimelowa tu.

Kijiji cha mtoni kilikuwa njiani. Ningeweza kukipita, lakini nilitaka kujua. Nikamuuliza mchunga ng'ombe nyumba ya mama Limi, akanionyesha kijumba kando ya mji wa Luhende, yaani boma lake. Nikapiga hodi nikasema mimi ni msafiri, naomba maji.

Mama Limi alikuwa mwanamke mrefu, mgongoni ana mtoto mchanga asiyelia. Msichana wa miaka sita hivi aliketi mlangoni. Nywele zake zilikuwa zimegeuka nyekundu na miguu imevimba, na kwetu kila mtu anajua hiyo ni njaa ya muda mrefu. Alikuwa Limi. Mama akanipa maji, kisha akaleta kibakuli cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Nilikiona chungu alimochotea. Kilikuwa kimebaki kitupu.

"Kula," akasema. "Umetoka mbali, unatetemeka."

"Baba wa hapa yuko wapi, mama?"

"Mwulize upepo. Mvua za kwanza za mwaka jana alikwenda kufuata malipo ya pamba. Hajarudi. Shemeji yangu Luhende anasema yuko Mwanza na mwanamke, anakula hela zetu. Pamba ya mwaka huu ikiisha kuuzwa anachukua ng'ombe na shamba, mimi nirudi kwetu."

"Nawe unaamini yuko Mwanza?"

"Maiti haijaonekana. Asiyekufa na harudi yuko wapi? Kila asubuhi kabla sijawasha moto namlaani kwanza. Nalitaja jina lake lote na la baba yake. Ndipo nawasha."

Mfuko ulikuwa tumboni mwangu, chini ya shati, unanilowesha. Nilikula michembe yake. Nilitaka kumwambia, ninaapa nilitaka. Lakini ningesema nimemwona mumeo, angeuliza alisema nini, na angeuliza amekupa nini. Niliona nikifungua mdomo kidogo tu hela zote zitatoka na dada yangu atakufa. Basi nikaufunga. Nikashukuru, nikaondoka nikitembea upesi, na Limi akanisindikiza kwa macho.

Jioni vitu vyote vya kwenye karatasi vilikuwa vimenunuliwa. Kabula alipasuliwa, akatolewa mtoto wa kiume, Mhoja. Shemeji alinipigia magoti mwanamume mzima. Hakuuliza hela nimezitoa wapi. Zilizobaki zikaishia kwenye dawa na chakula cha mzazi. Nilijiahidi nitafanya kazi nizirudishe kwa mama Limi kabla ya mvua.

Mvua zikaja, nami sikwenda. Mwanzoni ni kwa sababu sikuwa na hela ya kutosha, baadaye ni aibu. Nilikwenda Magu, nikaenda Shinyanga, nikaenda machimboni. Nilikuwa nakimbia nyumba moja ya udongo.

Miaka mitatu ilipita. Nikarudi kumtembelea Kabula, nikamkuta amekonda, haongei. Shemeji alikuwa akilala kwa kaka yake. Nikauliza kuna nini.

"Keti," Kabula akasema. "Mhoja, njoo umwamkie mjomba."

Mtoto akaja, ana miaka mitatu, anajua kuongea vizuri. Akaniamkia. Nami, kama desturi, kwa kumchezea tu, nikamuuliza, "Ng'wa nani?"

Akanitazama usoni akasema, "Wa kwa Luhende, wa kule mtoni."

Maneno yale nilikuwa nimeyatamka mara moja tu, juu ya kalavati, na aliyeyasikia hakuwa mtu wa dunia hii. Sikuwa nimemwambia yeyote, hata Kabula.

"Tangu aanze kuongea," Kabula akasema. "Mbele ya baba mkwe, mbele ya wageni, kila anayemuuliza. Tumemfundisha, tumemchapa, hasemi jina la baba yake. Mume wangu ameniuliza Luhende ni nani. Mimi namjua Luhende gani, kaka? Ukoo wao umekaa kikao. Wanasema mtoto amemtaja baba yake mwenyewe."

"Watakufanya nini?"

"Mwisho wa mwezi wananirudisha nyumbani na mtoto wangu. Kama malaya."

Deni hilo halikuwa langu peke yangu tena. Nilimwambia Kabula yote, pale pale. Hakulia. Alisema, "Kumbe niliishi kwa hela ya mtoto mwenye nywele nyekundu. Nenda ukamtafute."

Nikaenda kijiji cha mtoni. Kijumba kilikuwa kimebomolewa, Luhende amelima pamba mpaka kwenye jiko la mama Limi. Aliponiona nauliza alisema, "Yule? Alikwenda huko ziwani na laana zake. Wewe ni nani yake?" Kwa mara ya kwanza kwa mtu nisiyemzoea nikataja jina la baba yangu.

Nilimtafuta kwanza Kalemela, kisha Nyashimo, kisha Lamadi. Nilibeba magunia ya dagaa mchana ili nipate hela ya kumpelekea, jioni nauliza. Siku ya kumi na moja nilimwona kando ya barabara kuu, anakaanga samaki kwa ajili ya abiria wa mabasi. Limi alikuwa pembeni anaosha masufuria, nywele nyeusi, amekua.

"Shilingi ngapi, mama?" nikauliza, maana sikujua nianzie wapi.

"Wewe nakufahamu," akasema. "Uliwahi kula michembe yangu. Ulikula kama mtu anayelazimishwa."

Nikapiga magoti kwenye mavumbi nikaweka hela zangu juu ya kigoda chake. Nikamweleza. Tope, mfuko, Luhende, hospitali, Mhoja. Mafuta yakaungua karaini, harufu ikajaa, hakuyaondoa. Basi lilisimama, abiria wakaita samaki, hakugeuka.

"Alisema nini?" akauliza. "Yeye mwenyewe. Kwa maneno yake."

"Alisema, mwambie Masunga alicheleweshewa malipo, halafu wakati wa kurudi maji yakamkuta pale. Mwambie hivyo hivyo."

"Wakati wa kurudi."

"Ndiyo, mama. Wakati wa kurudi."

Ndipo akaliipua karai. Kisha akasema, "Yule uliyemwona mgongoni kwangu tulimzika kabla ya mvua. Hela hizo zingemfaa, sikufichi. Lakini kila mtu ana dada yake, na mimi ningekuwa wewe sijui ningefanyaje. Hela ungekula. Ungezila zote. Lakini neno lilikuwa na uzito gani hata likakushinda kulibeba? Miaka minne nimemlaani kila asubuhi mtu aliyekuwa anarudi nyumbani."

Nikaendelea kupiga magoti pale pale.

Akazikusanya zile hela bila kuzitazama. Jirani yake, mwanamke aliyeuza nyanya, mume wake hakuwa amerudi kutoka ziwani tangu juzi yake, na nyumbani alikuwa na watoto wanne. Mama Limi akamwita, akamtia zote mkononi. "Shika, mwenzangu. Mimi njaa yangu ya hela hizi ilishakufa." Yule akashangaa, akataka kukataa, akapokea. Hela nilizozitafuta kwa mgongo wangu zilikaa kwa mama Limi kwa muda wa kuvuta pumzi mbili.

"Sasa nipeleke," akaniambia.

Tulikwenda na watu wa kijiji na majembe. Luhende alikuja pia, bila maneno. Chini ya kalavati udongo wa mafuriko ulikuwa umejaa mpaka nusu. Tulichimba tangu asubuhi. Kwanza ikaonekana ringi ya baiskeli, baadaye yeye. Mama Limi aliyaosha mafupa mwenyewe kwa maji aliyotoka nayo Lamadi kwenye dumu, kila mfupa akilitaja jina la Masunga na la baba yake, lote, kama alivyozoea kulitaja, ila sasa kwa sauti nyingine. Tukamzika kwake, katikati ya pamba ya Luhende, na Luhende akang'oa miche mwenyewe kupisha kaburi.

Siku ile ile, nilikuja kuambiwa, Mhoja alimwamkia babu yake na kujibu jina la baba yake mzazi. Lakini ilikuwa imechelewa. Shemeji alikuwa tayari ameoa mwingine, na mtu akishaitwa malaya mbele ya ukoo, ni nani anayekwenda kuukusanya ukoo tena kuwaambia mlikosea? Kabula yuko Mwamanyili, amezeekea kwa mama. Hanilaumu. Hilo ndilo linaloniumiza. Mhoja ni kijana mkubwa sasa, mtu mzuri, ila hawezi kuvuka korongo hata likiwa kavu. Anazunguka.

Na mimi? Siwezi kulala na hela nisiyoifanyia kazi. Nikiokota, nikipewa, nikizidishiwa chenji, mwili unapata baridi mpaka niitoe kwa mwenye shida zaidi yangu, na siku hizi sihitaji kumtafuta mbali. Watu husema nina moyo mzuri. Hawajui.

Basi wewe unayesoma, ukipita mbuga za huko ukakutana na mtu akakupa kitu cha kumfikishia mwingine, awe hai au vinginevyo, sikwambii usikiguse. Shida zipo, na shida ikikubana utakila, nami sitakuhukumu. Lakini alichokuambia ukiseme siku hiyo hiyo, mlangoni, kabla hujakubali hata maji. Usingoje mpaka uwe na hela ya kurudisha. Anayengoja kule ndani hajui kama mtu wake alikuwa njiani.